Maswali na Majibu: Nani Apigiwe Simu Saa Tisa Usiku?

Barua za safari hii zimetoka hospitali na vituo vya mashirika ya dini hapa Kanda ya Kati. Nimezifupisha.

Ni muuguzi wa wodi ya wazazi, Mpwapwa, mwenye zaidi ya miaka 20 kazini. Daktari wetu ni kijana, rika la mwanangu. Nikimpigia usiku anajibu "endelea kumwangalia," kisha analala. Nifanyeje bila kuonekana namvunjia heshima?

Dada yangu, kwenye simu miaka yako haionekani. Kinachomtoa mtu kitandani saa tisa usiku ni taarifa iliyonyooka. Sisi wauguzi tumezoea kuzunguka: "Samahani daktari, yule mama wa kitanda cha nne naona kama hayuko vizuri." Aliyelala anasikia hakuna haraka. Sema hivi: "Mama wa kitanda cha nne anavuja damu. Amejifungua saa saba, uzao wa tano. Presha 80 kwa 50, mapigo 130. Naona anapoteza damu nyingi, nimeshaanza dripu na oksitosini. Naomba uje sasa hivi." Hali ilivyo, historia, unavyoiona wewe, unachotaka. Hicho cha mwisho ndicho wengi hukimeza, wakidhani muuguzi kumwambia daktari la kufanya ni utovu wa adabu. Si utovu hata kidogo.

Asipokuja je? Hapo si jambo lako na yeye tena. Mganga mfawidhi, yaani daktari anayeongoza hospitali, abandike ukutani jina la mtu wa pili wa kupigiwa, na baada ya dakika ngapi, kisha atie saini yake. Karatasi hiyo isipokuwepo, kila usiku unaomba hisani. Ikiwepo, unatekeleza agizo, na kijana hana cha kukununia.

Nafanya upasuaji, Singida. Fomu ya usalama inataka kila aliyemo thieta ajitambulishe. Tunajuana sote. Haya si maigizo?

Daktari, fomu hiyo ni orodha ya ukaguzi ya Shirika la Afya Duniani, iliyozinduliwa 2008 na kujaribiwa katika hospitali za miji 8. London ilikuwemo, na Ifakara yetu pia, tena hospitali ya misheni. Kwa jumla, vifo baada ya upasuaji vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8. Orodha ina vipengele 19, kwa hiyo sitadai kujitambulisha peke yake ndiko kulikookoa watu. Ila aliyekwisha kufungua kinywa kabla ya kisu haoni taabu kukifungua tena kusema, "Daktari, hesabu ya shashi haijatimia." Na mwanafunzi wa mazoezi aliyefika jana, unamjua jina?

Shikamoo. Ni mganga mfawidhi, Manyoni. Nusu ya watumishi wangu wanalipwa na serikali, nusu na jimbo la kanisa. Kazi moja, mishahara tofauti. Manung'uniko hayaishi.

Marahaba. Mpangilio huo umo katika makubaliano ya serikali na mashirika ya dini, na mishahara hutaisawazisha wewe. Usiahidi. Lakini zamu za usiku, nyumba, nafasi za kwenda masomoni na uongozi wa wodi viko mikononi mwako. Angalia nani amekuwa akivipata. Mara nyingi utakuta wa serikali ndio wanaoteuliwa viongozi, na wa jimbo ndio wanaolala zamu ya Krismasi. Bandika ratiba ya miezi mitatu mahali pa wazi, na anayetaka kubadilishana zamu aandike hapohapo.

Tumsifu Yesu Kristo. Mimi ni sista, matroni. Vijana wakidai malipo ya saa za ziada nawakumbusha wito. Wananinunia.

Milele, amina. Sista, wewe una nadhiri na jumuiya inayokulisha. Yule binti ana kodi ya nyumba na mdogo wake kidato cha pili. Wito ataje mwenyewe. Akiutaja mwajiri siku ya malipo, unageuka fimbo. Kama fedha hakuna, waonyeshe kitabu cha hesabu, halafu mpange pamoja siku za kupumzika badala ya fedha. Wengi watakubali, nami nimeona wakikubali. Wanachokataa ni kuhubiriwa.

Mjumbe wa bodi, Kondoa: naweza kumwagiza mtunza stoo moja kwa moja?

Hapana. Mpigie mganga mfawidhi.

Katibu wa afya, Kongwa: tuna fedha za semina moja ya uongozi. Twende hoteli gani Dodoma mjini?

Msiende. Watakwenda walewale watatu wanaokwenda kila mwaka, na makabrasha yataishia kabatini. Chagueni tatizo moja, mfano kukabidhiana zamu. Mkae wodini nusu saa kila Jumatano: muuguzi, tabibu, mtu wa maabara, na dereva wa gari la wagonjwa pia, maana yeye ndiye anayejua rufaa zinachelewea wapi. Kikao kisiendeshwe na mtu yuleyule kila wiki. Posho iliyobaki, nunueni chai na maandazi.