"Get" ya wateja wangu

Swali: Mwalimu, nauza vitenge Birere, hapa Goma. Wateja wengine wananiandikia Kiingereza. Kamusi inasema "get" ni kupata, lakini mmoja wa Bukavu ameandika: "I'll call you when I get off the boat." Anapata nini kwenye boti?

Jibu: Mama, hapati kitu, anashuka. Atakupigia simu akishafika bandarini. Angepanda, angeandika "get on". Hivyo vineno vidogo ndivyo vinavyobeba maana, na inaniuma kuona kamusi nyingi za mfukoni zikiviruka.

"I got the money" ni kupata kwenyewe: pesa zimemfikia. "It's getting dark" ni giza linaingia. Hapo "get" inaonyesha hali inabadilika. Halafu kuna hii, tafadhali iangalie sana: mteja akiandika "I don't get it" baada ya wewe kutaja bei, hajakataa mzigo. Hajaelewa. Mweleze tena polepole, kwa pisi na kwa jumla.

Ukikuta "gotten", huenda aliyeandika alijifunza Kiingereza cha Marekani. Uingereza wengi husema "got".