Usianze hizo juisi kabla hujanyanyua kitu kizito

Mkuu, acha kwanza. Nimesoma ulichoandika mara mbili na moyo umenienda mbio. Una miaka 41, sukari ya asubuhi kabla ya kula ni 6.1, umeambiwa upunguze uzito, na kuanzia Jumatatu unataka kuishi kwa juisi tupu siku 21 huku ukikimbia kila alfajiri. Unauliza ununue blenda ipi, wali uache au usiache, na kama protini ya unga inaua figo. Maswali hayo hayo niliyauliza mimi mwaka 2019. Nilijibiwa yote, nikafuata yote, na nikaishia kuwa mgonjwa wa kisukari kamili.

Wakati huo nilikuwa na kilo 94. Kipimo cha HbA1c, kile kinachoonyesha wastani wa sukari ya miezi miwili mitatu, kilisoma asilimia 6.2. Kwa kipimo hicho, kuanzia 5.7 hadi 6.4 uko mlangoni mwa kisukari, 6.5 umeshaingia. Bado nilikuwa na nafasi ya kurudi. Nikakutana na jamaa mtandaoni anayeuza "programu ya kusafisha mwili", picha za watu kabla na baada, sauti ya upole, na ratiba ya siku 30: embe, nanasi, karoti, tango, tangawizi. Nikalipa. Embe mbili na nusu nanasi kwenye glasi moja, nyuzinyuzi zote zimebaki kwenye chujio! Hiyo ni keki isiyo na unga, mkuu, na mimi niliinywa mara nne kwa siku nikiamini ni dawa.

Kilo 11 zikaondoka. Mtaani kila mtu ananisifu, mashati yanapwaya, nimenunua mkanda mpya. Dalili zilikuwepo na sikuzisoma. Naishi ghorofa ya pili, na maji yakikatika tunapandisha ndoo. Ndoo ya lita 20 niliyokuwa naipandisha bila kuwaza, mwezi ule nilipumzika nayo ngazini mara tatu. Kuinuka kwenye mkeka nikaanza kusukuma sakafu kwa mikono. Nikamuuliza yule jamaa, akasema ni sumu zinatoka. Sumu! Ilikuwa misuli yangu ndiyo inatoka, na yeye alikuwa anaipigia makofi kwa sababu mzani ulikuwa unashuka.

Unajua kilichofuata. Hakuna mtu anayeweza kuishi kwa juisi. Nilirudi kula, na ndani ya miezi minane nikafika kilo 97. Nilichopoteza kilikuwa mafuta pamoja na nyama ya mwili, nilichorudisha kilikuwa mafuta, mengi yake tumboni. Kiuno sentimita 108. HbA1c 6.7. Nikatoka kliniki na karatasi ya metformini, dawa ya kisukari, mkononi, na nilikaa kwenye daladala hadi kituo changu kikapita.

Muuguzi mmoja wa kliniki ndiye aliyenifungua macho, na nitamshukuru maisha yangu yote. Aliniambia hivi: sukari iliyomo kwenye damu yako yote, ukiwa mzima, haizidi sana kijiko kimoja cha chai, gramu nne au tano. Sahani moja ya ugali inaleta mara nyingi zaidi ya hiyo. Sasa inakwenda wapi? Sehemu kubwa inapokelewa na misuli. Ini linahifadhi kama gramu 100, misuli ya mtu mzima inahifadhi kama gramu 400. Fikiria bandari: meli zinaendelea kushusha makontena kila siku, wewe unabomoa maghala. Mzigo utakaa gatini, na gati ndiyo damu yako. Tena msuli unaofanya kazi unaivuta sukari wenyewe hata insulini, homoni inayoingiza sukari kwenye misuli, ikiwa imechoka. Ndiyo maana ukinyanyua vitu vizito mwili unapata nafuu hata kabla mzani haujasogea.

Kwa hiyo kanuni yangu ni moja, na nitaisema hadi unichoke: USIPUNGUZE HATA KILO MOJA KABLA HUJAANZA KUNYANYUA KITU KIZITO NA KULA PROTINI KILA MLO. Kukimbia ni kuzuri kwa moyo, endelea nako, ila kukimbia peke yake huku una njaa hakulindi misuli yako.

Usiniambie huna hela ya jimu. Mimi nilianza na ndoo ile ile. Unaikumbatia kifuani, unachuchumaa na kuinuka. Unainama mgongo umenyooka, unaivuta kuelekea tumboni. Unabeba madumu mawili, mkono huu na huu, unatembea uani. Pushapu nilianzia ukutani, nikashuka ukingo wa kitanda, baada ya miezi miwili nikafika sakafuni. Kisha fundi akanimiminia zege kwenye makopo mawili ya rangi, katikati bomba la chuma. Siku tatu kwa wiki, siku ya kupumzika katikati. Ukifika mara 12 bila kuhangaika, ongeza uzito. Hapo kwenye kuongeza ndipo wengi wanapokwama: mwaka mzima wananyanyua kile kile, halafu wanasema mazoezi hayafanyi kazi.

Chakula ni hiki hiki cha kwetu. Asubuhi mayai matatu, hayo ni kama gramu 18 za protini, badala ya chapati mbili na chai ya sukari. Mchana maharage, kunde au choroko, mboga za majani nyingi, ugali wa dona kiasi cha ngumi. Sembe imekobolewa ganda na kiini, imebaki wanga. Jioni dagaa au samaki. Tunda ulile kwa meno, chungwa zima na nyama zake. Nililenga kama gramu 1.2 za protini kwa kila kilo yangu, na dagaa wakavu ndio walioniokoa kwa bei. Kama figo zako zimeshawahi kuonekana na shida, hilo la protini uliza daktari kwanza. Na kama unameza dawa za kushusha sukari, usifunge chakula kienyeji, sukari inaweza kuporomoka ukaanguka barabarani.

Ilinichukua miezi 14. Uzito ulishuka hadi kilo 89 tu, yule jamaa wa juisi angenicheka. Lakini kiuno ni 96, HbA1c ni 5.8, metformini bado naitumia na daktari ndiye anayeamua lini aipunguze. Ndoo naipandisha mbili kwa mpigo.

Sasa nakuomba jambo moja usiku huu. Vuta kiti kigumu, kunja mikono kifuani, kaa na kuinuka bila kushika kitu kwa sekunde 30. Hesabu, uniandikie hapa umefika ngapi, kisha tuongee kuhusu Jumatatu.