Walimu wapya wawili, nawe ndiye mlezi wao

Mwalimu mwenzangu, umeuliza utawasaidiaje walimu wawili walioanza kazi muhula huu bila wao kuhisi kwamba unawakagua. Tazama ratiba yao kwanza. Mara nyingi mgeni ndiye hutwishwa darasa sugu, vipindi lukuki, na zamu juu yake. Kama mkuu wa shule anakusikiliza, anzia hapo. Ushauri haumfai mtu asiyepata hata muda wa kuandaa somo.

Halafu waanze wao kuingia darasani kwako. Wakuone ukikosea pia. Zamu yako ya kuingia kwao ikifika, kubalianeni mapema jambo moja tu la kutazama. Mathalani, akiuliza swali, husubiri sekunde ngapi kabla ya kulijibu mwenyewe? Wengi wetu hatufiki hata 2, ilhali ukivumilia 3 au zaidi majibu hurefuka na hata wakimya hujitokeza. Andika ulichokiona, hukumu iweke kando. Mkae siku hiyohiyo, dakika 15 zatosha, na yeye aanze kusema.

Maandishi hayo yasiingie kamwe kwenye tathmini yake ya kazi. Kama huwezi kuahidi hilo, mwombe mwalimu mwingine awe mlezi, la sivyo utaonyeshwa vipindi vya kupambwa tu.

Nidhamu ya darasa itawatoa jasho kuliko somo lenyewe, hilo nakuhakikishia. Na katikati ya muhula, uchovu ukishawaingia, acha habari za mbinu, waulize wanalala saa ngapi.