Maswali ya Wasomaji: Nani Atoe Kibali cha Hojaji Chuoni?

SWALI: Mhariri, salaam. Nimekabidhiwa kazi ya kuratibu tafiti katika chuo ninachofanyia kazi. Kila wiki napokea maombi ya kusambaza hojaji kutoka kwa wanafunzi wa mwaka wa mwisho, wahadhiri, watafiti wa nje, na hata kampuni zinazotaka kujua wanafunzi hununua nini. Mlezi wa wanafunzi anataka kila hojaji ipite kwenye kamati ya maadili; wahadhiri nao wanalalamika kwamba muhula huisha kabla kamati haijakutana. Nifuate upande upi? — Mratibu wa Utafiti

JIBU: Ndugu Mratibu, mvutano unaoueleza unatokana na maswali mawili kuchanganywa na kudaiwa jibu moja. Swali la kwanza ni la maadili: je, utafiti huu unaweza kumdhuru anayejibu, na je, ameelezwa vya kutosha ili aamue mwenyewe kushiriki au kukataa? Hilo ni la kamati. Swali la pili ni la utawala: je, chuo kinakubali wanafunzi wake wafikiwe, lini, kwa njia gani, na kwa kutumia orodha ya nani? Hilo ni la ofisi yako. Mtafiti wa nje anayekuja na kibali cha kamati ya chuo chake amejibu la kwanza tu, na mhadhiri aliyeruhusiwa na mkuu wa idara kuingia madarasani amejibu la pili tu. Hata vibali vyote viwili vikipatikana, mwanafunzi bado ana haki ya kukataa, kwa kuwa hakuna mkuu wa chuo awezaye kuridhia kwa niaba ya mtu mzima.

Malalamiko ya wahadhiri yana haki kwa sehemu. Si kila hojaji inastahili kikao kizima. Kanuni za Marekani, kwa mfano, zinaruhusu hojaji nyingi za watu wazima zisipitie kikao cha kamati, iwapo majibu hayawezi kumtambulisha aliyejibu, au yakijulikana hayatamletea hatari ya kushtakiwa, kupoteza kazi au kuharibiwa jina. Nawe unaweza kuandaa fomu fupi ya kurasa mbili, ikasomwa na mjumbe mmoja wa kamati ndani ya siku chache za kazi, na zile nzito tu zikasubiri kikao. Sharti moja lisilegezwe: anayeamua kwamba hojaji ni nyepesi asiwe mtafiti mwenyewe, kwa sababu kila mtu huiona kazi yake kuwa haina madhara.

Wapo watakaokuambia kwamba kamati hizi ziliundwa kwa ajili ya madaktari, na kihistoria hawajakosea sana. Ripoti ya Belmont, waraka wa Marekani wa mwaka 1979 kuhusu maadili ya utafiti, ulioweka misingi ya kuheshimu utu wa mshiriki, kumtendea mema na kugawa mizigo na manufaa kwa haki, ilitokana na fedheha ya utafiti wa Tuskegee nchini humo, ambamo kuanzia 1932 hadi 1972 wanaume weusi wenye kaswende walichunguzwa bila kutibiwa wala kuambiwa ukweli. Hojaji haimchomi mtu sindano. Madhara yake hupita katika habari zinazokusanywa, na hapo ndipo ningependa kamati yako itumie muda wake mwingi.

Chukua hojaji ya kawaida isiyouliza jina. Juu kabisa inauliza umri, jinsia, idara, mwaka wa masomo na kama unaishi bwenini. Maswali hayo matano, kila moja likiwa peke yake, hayana ubaya wowote. Lakini kama idara ya uhandisi ina mwanamke mmoja tu wa mwaka wa tatu aliyevuka miaka arobaini, basi yeyote atakayeifungua jedwali ya majibu atajua alichosema kuhusu mkuu wa idara yake, hata kama juu ya karatasi iliandikwa kwa herufi nzito kwamba majibu ni ya siri. Mtaalamu wa faragha Latanya Sweeney alionyesha mwaka 2000, kwa kutumia takwimu za sensa, kwamba takriban asilimia 87 ya wakazi wa Marekani wangeweza kutambulika kwa vitu vitatu tu: tarehe ya kuzaliwa, jinsia na namba ya posta ya eneo wanaloishi.

Mfano wa karibu zaidi na mazingira ya chuo ni wa mwaka 2008. Watafiti nchini Marekani walitoa hadharani data za kurasa za Facebook za zaidi ya wanafunzi 1,600 walioingia chuo kimoja mwaka mmoja, majina yao na jina la chuo yakiwa yameondolewa. Kamati ya maadili ilikuwa imeridhia utafiti huo. Haikupita muda mrefu chuo kikajulikana kuwa ni Harvard, tena bila mtu kuifungua data yenyewe: maelezo yaliyoambatanishwa, yaliyotaja ukubwa wa darasa na orodha ya masomo yanayofundishwa, yalitosha. Baadaye data hizo ziliondolewa. Nalileta tukio hili kwa sababu linaonyesha kosa ambalo muhuri wa kamati hauzuii, yaani kudhani kwamba kufuta jina ni kumficha mtu.

Kwa hiyo, kila ombi likifika mezani, pitia kwanza maswali ya utambulisho na umuulize mtafiti kila moja litatumika katika jedwali gani la ripoti yake. Lisilo na jedwali lifutwe. Umri uulizwe kwa makundi, na matokeo ya kikundi chenye watu wachache, kwa mfano chini ya kumi, yasichapishwe peke yake. Ikiwa hojaji ni ya mtandaoni, hakikisha programu haikusanyi anwani za barua pepe kimyakimya, kwani mara nyingi mtafiti mwenyewe hajui kwamba imewekwa hivyo. Mwisho, ombi litaje majibu ghafi yatahifadhiwa wapi, nani ana nywila, na yatafutwa lini.

Kuhusu upande wa utawala nina ushauri mmoja wenye uzito: usimkabidhi mtu yeyote orodha ya barua pepe za wanafunzi. Ofisi yako ndiyo itume mwaliko kwa niaba ya mtafiti, na itume kwa sampuli iliyochaguliwa kwa nasibu, si kwa chuo kizima. Wanafunzi wakiombwa maoni kila wiki huacha kujibu, na wachache wanaobaki ni wale wenye hasira au wenye muda mwingi, hivyo hata utafiti mzuri huharibika. Weka kalenda, na usiruhusu hojaji mbili kubwa katika majuma ya mitihani. Kampuni zinazotafuta soko zitangaze mahali pengine.

SWALI: Mhariri, mhadhiri wetu alitugawia hojaji ya utafiti wake zikiwa zimebaki dakika kumi na tano kipindi kiishe, akasema ni hiari, kisha akasimama mlangoni kuzikusanya. Yeye ndiye anayetusahihishia mtihani. Wanaojaza wataongezewa alama mbili. Je, hiyo ni hiari? — Mwanafunzi wa Mwaka wa Pili

JIBU: Ndugu Mwanafunzi, hapana. Hiari huhitaji mahali pa kukataa bila kuonekana, na mlangoni kwa msahihishaji si mahali hapo. Sisemi kwamba mhadhiri wako ana nia mbaya. Wengi hufanya hivyo kwa sababu darasa ndilo kundi lililo karibu nao. Utaratibu unaokubalika ni kwamba mtu mwingine asiyefundisha somo hilo agawe karatasi, mhadhiri atoke nje, kila mwanafunzi arudishe karatasi yake katika bahasha iwe imejazwa au ni tupu, na mhadhiri asizione hadi alama za muhula ziwe zimekwisha kuwasilishwa. Alama za ziada zinaweza kukubalika pale tu ambapo asiyetaka kushiriki anapewa kazi nyingine yenye muda na ugumu uleule kwa alama zilezile. Kama huwezi kumwendea yeye, barua ya ridhaa, yaani ile inayomweleza mshiriki utafiti na kumwomba akubali, hupaswa kuonyesha jina na mawasiliano ya mtu wa kamati anayepokea malalamiko. Ikiwa hamkupewa barua ya namna hiyo, jambo hilo peke yake linatosha kulifikisha kwa mlezi wa wanafunzi.

SWALI: Mhariri, nasimamia wanafunzi wawili wa shahada ya kwanza. Mmoja anataka kuuliza kuhusu udanganyifu katika mitihani, mwingine kuhusu mawazo ya kujiua. Kamati imekataa zote mbili kwa kusema ni mada nyeti. Je, ni sahihi? — Msimamizi wa Tasnifu

JIBU: Mwalimu, unyeti wa mada peke yake si sababu ya kukataa, ni sababu ya kudai mpango. Ikiwa kila jambo zito litakataliwa, chuo hakitajua lolote kuhusu yale yanayowasumbua wanafunzi wake.

Kwa udanganyifu, mwanafunzi wako atumie mbinu ya majibu ya nasibu, iliyoanzishwa na Stanley Warner mwaka 1965 na ambayo leo ina sura kadhaa. Katika sura mojawapo, mhojiwa hurusha sarafu mahali pasipoonekana. Ikiangukia kichwa anajibu «ndiyo» hata kama hajawahi kudanganya, na ikiangukia upande wa pili anajibu ukweli. Tuseme wanafunzi 200 wamejibu na 130 wamesema «ndiyo». Takriban 100 kati yao walilazimishwa na sarafu, hivyo waliobaki 30, kati ya 100 waliojibu ukweli, wanatupa makadirio ya asilimia 30. Hakuna «ndiyo» hata moja inayoweza kumpeleka mtu mbele ya baraza la nidhamu. Gharama yake ni kwamba makadirio huyumba zaidi, kwa hiyo sampuli lazima iwe kubwa.

Utafiti wa pili ni mzito zaidi, na hapa nakubaliana na kamati nusu. Uamuzi unaopaswa kufanywa kabla ya karatasi ya kwanza kugawiwa ni huu: je, majibu yatafuatiliwa au hayatafuatiliwa? Kama hayawezi kumtambulisha mtu, hakuna atakayeweza kumfikia aliye hatarini, basi barua ya ridhaa iseme hivyo waziwazi, na namba za huduma ya ushauri nasaha ziwekwe mwanzoni na mwishoni kwa kila mshiriki bila kujali alivyojibu. Kama yanaweza kumtambulisha, lazima awepo mnasihi aliyekubali kwa maandishi kupokea majina, majibu yasomwe siku hiyohiyo, na mshiriki aambiwe mapema kwamba usiri utavunjwa akionekana kuwa hatarini. Kumjua mtu na kukaa kimya ndilo chaguo lisiloweza kutetewa. Kwa mwanafunzi wa shahada ya kwanza, ningemshauri achague njia ya kwanza, na hojaji yake isomwe na mnasihi wa chuo kabla haijarudishwa kwenye kamati.

SWALI: Je, tathmini ya ufundishaji inayofanywa kila mwisho wa muhula nayo inahitaji kibali cha maadili? — Afisa Ubora

JIBU: Ikiwa ni ya kuboresha ufundishaji ndani ya chuo tu, kwa kawaida haihitaji, ingawa ahadi ya usiri inaibana vilevile. Lakini mhadhiri akikusudia kuitumia katika makala ya jarida, aombe kibali kabla ya kukusanya majibu, kwa sababu kamati nyingi hazitoi kibali cha kurudi nyuma.