Kebini ya lori isiyo na nembo: ni Leyland kweli?

Mkuu, kebini hiyo kuukuu ya Kiingereza unayodhani ni Leyland, mimi naiona ni LAD. Yaani Leyland, Albion na Dodge, kampuni tatu za malori: uso mmoja, uliotengenezwa na Motor Panels wa Coventry tangu mwishoni mwa miaka ya 1950. (Albion ilishanunuliwa na Leyland mwaka 1951, ila Dodge walikuwa wapinzani wao.) Shoo ya mbele isikudanganye, fundi yeyote huihamisha; mimi mwenyewe niliwahi kuingizwa mjini hivyo. Chuchumaa na tochi, kwangua kutu, usome kibati cha chesisi. Ukikuta Scotstoun, Glasgow, ni Albion. Kew, London, ni Dodge. Kebini ikiinamia mbele, hapo fikiria Ergomatic, kebini ya Leyland ya 1964.