Kitenge cha Februari hakilipi mchezo

Msomaji mmoja wa Houston ameniandikia: "Dada, vikundi vyetu Weusi huku vinaanza na ngoma na hotuba, vinafia kwenye hela. Nyinyi mmewezaje?" Ameniuliza wakati mzuri. Juzi tumetoa fungu la mwisho la mzunguko, na hakuna aliyekimbia. Niacheni nijisifu kidogo.

Naishi Richmond, Virginia. Mchezo wetu, yaani upatu, una watu kumi: Watanzania watatu, mama mmoja wa Trinidad, na wengine ni Wamarekani Weusi wazaliwa wa hapahapa. Mwisho wa mwezi kila mtu dola 100, mwenye zamu anaondoka na 1,000. Yule mama hakuhitaji kufundishwa, kwao wanauita susu.

Nilipolitoa wazo hili kwenye kikao cha Watanzania wenzangu, mzee mmoja alisema mbele ya sahani za pilau kwamba Wamarekani Weusi hawana utamaduni wa kuweka akiba, nitawapotezea watu hela zao. Ukumbi ukacheka. Mpaka leo tukikutana msibani nampa shikamoo yake, nakaa mbali.

Angefika tu Jackson Ward, hapahapa mjini, akaione nyumba ya Maggie Lena Walker inayotunzwa na serikali kama kumbukumbu ya taifa. Mama yake alikuwa dobi. Mwaka 1903, ubaguzi ukiwa umeandikwa kabisa kwenye sheria, Maggie alifungua St. Luke Penny Savings Bank na kuwa rais wake. Waliomletea senti zao walikuwa madobi na watumishi wa majumbani. Mdororo wa miaka ya 1930 uliangusha mabenki kwa maelfu. Ya kwao iliungana na benki nyingine za Weusi, ikavuka. Na kabla ya benki kulikuwa na Independent Order of St. Luke, chama cha kuuguzana na kuzikana. Watu walishazoea kuchangiana jeneza, ndipo wakaaminiana kwenye akiba. Sasa hapo nani hana utamaduni?

Ushauri wangu ni huu: jitawale. Hela ya mchezo naitenga siku ileile ya mshahara, kabla sijaingia dukani. Kuna kipindi nilipunguziwa saa kazini, na zile dola 100 zikawa zinanitazama. Sikuzigusa. Si kwamba nina moyo wa chuma. Zamu ilikuwa ya mwenzangu anayemuuguza mama yake, na kila Jumapili nakaa naye benchi moja kanisani. Ningemtazama vipi? Nafsi peke yake ni dhaifu, ndugu zangu. Inahitaji watu wa kuionea haya.

Ndiyo maana nachoka na wanaodhani utamaduni ni kitenge cha Februari, mwezi wa historia ya Weusi huku Marekani. Vaeni, mnapendeza, mimi mwenyewe ninavyo kabati zima. Lakini mila inayokutoa jasho ndiyo inayojenga mtaa: kufika kikao kwa wakati, kulipa ulichoahidi, kutomficha mdeni kwa sababu ni shemeji yako. Tunataka maduka yetu, shule zetu, wabunge wetu, na mtu hajaweza kuitawala simu yake kwa saa moja!

Wenzangu hapa wanaadhimisha Kwanzaa, sikukuu aliyoianzisha Maulana Karenga huko California mwaka 1966, mwaka mmoja baada ya ghasia za Watts, mtaa wa Weusi wa Los Angeles. Siku ya nne, Desemba 29, ni ya Ujamaa, yaani uchumi wa kushirikiana. Wao ndio walioomba fungu la Desemba litolewe siku hiyo, mishumaa ikiwaka, watoto wakiangalia hela zinavyohesabiwa. Mimi niliyezaliwa Tanga sikuwa nimewaza hilo.

Kwa hiyo wewe wa Houston, anza na watu watano unaojua wanakoishi. Jitawale, lipa kwanza, ona haya. Umeniomba nije kuwahutubia; nitakuja, nauli nitajilipia. Ila mzunguko wa kwanza uishe kwanza, na nikifika mniwekee daftari mezani kabla ya chakula.