Alfa ya Nyegezi haiuzwi

Swali la wiki la jarida hili lilikuwa: "Ni kitu gani unacho ambacho kila mtu anakushauri ukiuze, na mbona bado unacho?" Wiki iliyopita msomaji wa Bukoba alijibu kuhusu Fiat 124 ya milango miwili aliyoachiwa na baba yake, ambayo imelala miaka mingi chini ya mwembe. Akamalizia kwa kusema magari ya spoti ya Kitaliano ni ya Ulaya, huku kwetu Kanda ya Ziwa hayana maisha. Nimemsoma vizuri. Hapo pa mwisho sikubaliani naye hata kidogo.

Mimi naishi Nyegezi, hapa Mwanza, nina duka la dawa, na nina Alfa Romeo GTV ya mwaka 1973, lita mbili, usukani kulia, nyekundu iliyopauka hadi kukaribia rangi ya tofali. Kabla yangu ilikuwa ya mhasibu wa kiwanda cha kuchambua pamba, aliyeinunua Nairobi na kuivusha Sirari kabla mpaka wa Kenya haujafungwa mwaka 1977. Mpaka ulipofungwa, spea nazo zikabaki ng'ambo. Wazee wanaoikumbuka wanasema Jumapili ikikaribia saa nane mchana ilikuwa lazima iwe imeshaingizwa ndani, maana enzi zile za uhaba wa mafuta magari binafsi hayakuruhusiwa barabarani Jumapili alasiri. Mzee alipofariki watoto wake waligawana nyumba na viwanja, gari likakosa mwenyewe. Nikalichukua kwa bei ya chini kuliko bajaji mpya, nikaanza kulipa bei yake halisi tangu siku hiyo hadi leo.

Kwa wasiolijua: umbo lake lilichorwa na Giorgetto Giugiaro akiwa bado kijana wa miaka ishirini na kitu katika karakana ya Bertone, na gari la kwanza la umbo hilo lilionekana mwaka 1963. La lita mbili kama langu lilitengenezwa kuanzia 1971 hadi 1976. Lina gia tano, breki za diski magurudumu yote manne, kemshafti mbili (vyuma vinavyozunguka kufungua vali) juu ya injini ya aluminiamu, na nguvu za farasi kama 130. Leo namba hizo hazimshangazi mtu. Mwaka 1973, barabarani hapa, zilikuwa kiburi.

Sasa nije kwenye hoja ya ndugu yangu wa Bukoba. Mimi nasema Mwanza inalifaa gari hili kuliko miji mingi. Kinachoyaua magari ya Kitaliano ya miaka ile ni kutu. Bati lake halikukingwa vya kutosha, linaanza kuliwa kwenye sakafu na kwenye kingo za chini ya milango, na ukilipeleka Tanga au Dar es Salaam upepo wa bahari unalimaliza. Ziwa letu ni maji baridi, hayana chumvi. Naegesha mahali ambapo naona maji kwa macho, na sakafu ya gari ni ile ile iliyotoka kiwandani, isipokuwa kiraka kimoja upande wa abiria ambapo mvua iliingia miaka mingi kupitia mpira wa kioo cha mbele.

Jambo la pili ni mafundi. Hapa watu hucheka, kwa sababu wanawaza gereji za mjini. Kweli, vijana wa gereji za mjini wakifungua boneti swali la kwanza ni wapi pa kuchomeka kompyuta. Hakuna pa kuchomeka. Fundi wangu hayuko mjini, yuko Igombe, na kazi yake ni injini za boti za wavuvi. Mashine za Yamaha zinazosukuma mitumbwi ya dagaa na sangara zina kabureta, kile kifaa kinachochanganya petroli na hewa, na mtu aliyezifungua na kuzifunga maisha yake yote, mvuvi amesimama kichwani pake anataka kuingia ziwani jioni hiyo hiyo, haogopi kabureta mbili za Weber. Siku ya kwanza alizitazama, akachomoa kifuniko cha juu, akasema tu, "Hizi mbona zimetulia, mama."

Ukitaka kujua kwa nini siliuzi, njoo siku anayozisawazisha. Injini inaachwa ingurume taratibu hadi ipate moto sawasawa. Anachukua kipande cha mpira wa petroli, ncha moja sikioni, nyingine anaiingiza kwenye koo la kabureta ya mbele. Ananyamaza. Anahamia ya nyuma, ananyamaza tena. "Hii ya mbele inavuta kuliko mwenzake." Anazungusha skrubu iliyo kati ya hizo mbili kwa ncha ya bisibisi, kidogo mno, mkono hausogei bali vidole tu, anasikiliza tena. Kisha ananipa mpira mimi. Unasikia mvumo mwembamba wa hewa, na mwanzoni unadhani yote ni sawa, mpaka siku moja sikio linafunguka na unashangaa ulikuwaje kiziwi. Zikishalingana anakwenda kwenye skrubu za mchanganyiko, koo moja baada ya jingine: anafunga hadi injini iyumbe, anarudisha hadi itulie, anaendelea na linalofuata. Kazi hiyo haina haraka, na simu ikiita ananitazama hadi niizime.

Yeye ndiye aliyegundua pia kwa nini plagi zilikuwa zikitoka nyeusi tii kila tunapozifungua. Ziwa Victoria liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na Milano, ambako Alfa zilitengenezwa, iko kama mita 120 tu. Huku juu hewa ni nyepesi, kabureta iliyopimwa kwa hewa ya kule inamwaga petroli kupita kiasi. Tuliagiza jeti, vile vipenyo vya kabureta vinavyopitisha petroli, zenye tundu dogo zaidi, ni vitu vidogo hata vilikuja ndani ya bahasha ya barua. Tangu hapo plagi zinatoka na rangi ya udongo mkavu, na harufu ya petroli imeacha kuingia ndani ya nguo zangu.

Nikisema hivyo msidhani ni raha tupu. Gia ya pili asubuhi, oili ikiwa bado baridi, inataka kubembelezwa kama mkwe aliyenuna; ukiisukuma kwa nguvu inakwaruza mtaa mzima usikie. Kosa hilo GTV nyingi zinalo, nimeshaacha kulalamika, naruka kutoka ya kwanza kwenda ya tatu mpaka nifike Mkolani. Foleni ya Buzuruga mchana wa jua inapandisha mshale wa joto hadi natoa kitambaa. Sampu, karai la oili chini ya injini, ni ya aluminiamu na imening'inia chini kabisa, na matuta yetu hayakujengwa na mtu aliyewahi kuona gari la namna hii. Nimechomelewa bamba la chuma chini yake na limeshapigwa hadi limepinda. Msimu wa wale wadudu wadogo wa ziwani wanaopaa kwa makundi, chujio la hewa linafunguliwa kila wiki, na unachokikuta humo usikitazame kabla ya kula.

Kampuni ya bima ilikataa bima kubwa. Walisema hawawezi kukadiria thamani yake. Nina bima ndogo na dua.

Lakini kinachochosha hasa ni kusubiri. Kuharibika kwenyewe nimekuzoea. Kabureta zimeshikwa kwenye injini na vikalio vya mpira uliobanwa na chuma, na mpira huo ukizeeka unapasuka, hewa inaingia pasipotakiwa, injini inakuwa haitulii. Mafundi wawili kabla ya huyu wa Igombe walipaka silikoni. Petroli ikaila silikoni. Kitu chenyewe ni kidogo, kinaingia mfukoni, ila hakipo Mwanza, hakipo Dar, na ukikiagiza Ulaya unaanza safari ya karatasi. Kifurushi kimefika nchini, kifurushi kinahakikiwa, thamani imetiliwa shaka, leta risiti, risiti haisomeki. Siku hizi nasubiri ndugu au rafiki anayerudi kutoka Uingereza mwenye nafasi kwenye begi. Kwa hiyo ratiba ya gari langu inafuata harusi na misiba ya watu wengine: nani anakuja nyumbani, lini, na ana kilo ngapi zilizobaki.

Hali kadhalika vile vijipete sita vya mpira vilivyo kati ya silinda hedi na bloku. Vikikakamaa, oili inaanza kuvuja nje, na nyingine inaweza kuingia kwenye maji. Ukifungua rejeta unakuta uji wa kahawia. Vijipete vyenyewe ni bei ya chai na maandazi. Kuvifikia ni kushusha silinda hedi nzima, na kwa sababu mikono imeshafika huko, fundi atakwambia tutazame cheni, tutazame vali, tutazame pampu ya maji. Ulikwenda kwa vijipete, unarudi na orodha.

Halafu watu. Trafiki ananisimamisha, anazunguka gari lote, hana kosa la kuandika, anauliza kama nitamruhusu mwanawe apige picha nalo. Hilo halinisumbui. Linalonisumbua ni wanaomtafuta mwenye gari nikiwa nimekaa nyuma ya usukani. "Shikamoo mama, mzee yupo?" Mzee wa nyumbani kwangu anaendesha Probox na ana furaha zake.

Na kuna suala la nembo. Upande mmoja ni msalaba mwekundu wa mji wa Milano, upande wa pili ni nyoka mwenye taji, mtu yumo mdomoni mwake nusu mwili. Ni nyoka wa ukoo wa Visconti waliotawala Milano zamani, na kiwanda kimemweka kwenye magari yake tangu mwaka 1910. Sasa nenda ukayaeleze hayo Usukumani, ambako Wayeye wanacheza ngoma na chatu shingoni, na ambako mtu akifungua duka la pili tu watu wanauliza amechukua wapi ndagu, dawa ya kutajirisha. Bibi mmoja jirani yangu aliinama siku moja akaitazama nembo kwa muda, akaniuliza, "Mwanangu, joka hili linakula nani?" Nikamwambia, "Linakula faida ya dukani, bibi." Alicheka, ila tangu siku hiyo akipita anapita upande wa pili wa gari.

Kuhusu hilo la magari ya Kitaliano kukosa maisha huku kwetu, ningependa ndugu wa Bukoba akumbuke mashindano ya magari ya Safari. Yalianza mwaka 1953 yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika, na Waitaliano waliteseka humo miaka na miaka. Mwaka 1975 dereva Sandro Munari aliifikisha Lancia Stratos, nayo ya Kitaliano, nafasi ya pili, Peugeot ikachukua ushindi. Hawakuondoka. Mwaka 1988 Miki Biasion akashinda na Lancia Delta, akarudia 1989, na Juha Kankkunen akaiongezea Lancia ushindi mwingine 1991. Vumbi ni lile lile na mawe ni yale yale.

Mimi sishindani na mtu. Asubuhi ya Jumamosi, kabla daladala hazijajaa, napita Igoma na Kisesa naelekea Magu. Ukishaacha nyumba nyuma barabara inanyooka kati ya mashamba ya mpunga na majabali, gia ya tatu inaingia laini maana oili sasa imepata moto, na kuanzia mizunguko elfu nne sauti ya injini inabadilika, inakuwa kavu na kali, na usukani unaanza kuzungumza na viganja kila kokoto. Hapo sijafikisha hata kilomita 100 kwa saa. Vitz inaweza kwenda kasi hiyo, lakini kwenye Vitz ungekuwa unawaza bei ya sukari.

Safari za upande wa Sengerema zamani nilikuwa nazikwepa. Kivuko cha Kigongo kilikuwa na mteremko ambao pua ya Alfa haikuupenda. Nilishuka na kuchungulia chini huku foleni nzima ikinipigia honi. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe mwaka 2025, kilomita 3 za lami juu ya maji, nimekuwa nikitafuta sababu za kwenda Sengerema. Shangazi yangu aliyeko huko anadhani nimempenda ghafla.

Wanaotaka kununua wapo. Wa chuma chakavu hupima kwa macho na kutaja kilo. Wa Nairobi hutuma picha za gari lililokwisha kutengenezwa na bei ambayo ukiitazama usiku unakosa usingizi kidogo. Mmoja alisema angelipeleka kulala kwenye banda lenye kiyoyozi, lisiendeshwe. Huyo ndiye aliyenisaidia kukataa.

Sasa wewe wa Bukoba. Usiiuze Fiat hiyo kabla hujaisikia. Ila usiende na betri mpya ukaipiga stata, tafadhali. Ng'oa plagi kwanza, mimina oili kidogo kwenye kila silinda, iache ilale usiku mmoja. Mwaga petroli yote ya zamani na usafishe tangi. Kama injini yake ni ya kemshafti mbili, inaendeshwa na mkanda wa mpira wenye meno, si cheni kama yangu. Mkanda uliokaa miaka yote hiyo ukikatika, vali zinaweza kugonga pistoni na hapo ndipo utasema kweli hayana maisha. Badilisha mkanda huo na roli yake ya kuukaza, ndipo uzungushe injini kwa mkono, kwa spana, polepole, mpaka uhakikishe imezunguka bila kugoma. Mipira ya breki usiiamini hata ikionekana mizima kwa nje. Na mtafute fundi wa boti huko Bukoba, hawakosekani. Ukikwama kwenye kabureta, wa kwangu amesema atapanda meli aje, mradi umlipie nauli na umpatie senene.